Shajara ya Mradi: Polima, Sabuni na Magadi katika Bomba la Mchanga, Kisumu

13 Januari

Tumeanza kazi leo katika chumba cha nyuma cha maabara, chumba ambacho hadi juma lililopita kilikuwa ghala la viti vilivyovunjika. Tuko watano: mimi ninayefundisha kemia, fundi wetu wa maabara, na wanafunzi watatu wa mwaka wa pili waliolichagua suala hili wenyewe, baada ya mmoja wao, mzaliwa wa Kitale, kusimulia darasani jinsi alivyokuwa akiyahesabu malori ya mafuta ghafi yaliyopita mjini kwao yakitoka Lokichar, kaunti ya Turkana. Safari za malori hayo zilianza Juni 2018, na shehena ya kwanza ya mafuta ya Turkana ikaondoka Mombasa kwa meli Agosti 2019. Swali lake lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: mafuta yakishagunduliwa, kama yalivyogunduliwa katika kisima cha Ngamia-1 mwaka 2012, ni kiasi gani hutoka na ni kiasi gani hubaki chini?

Kwa kawaida yanayobaki ni mengi kuliko yanayotoka. Shinikizo la asili la hifadhi hutoa sehemu ndogo, maji yanayodungwa kupitia visima vya pembeni huongeza nyingine, na baada ya hatua hizo mbili zaidi ya nusu ya mafuta huwa bado imo mwambani. Nilipowaambia hivyo niligundua kwamba wawili kati ya watatu walikuwa wakifikiria ziwa jeusi lililotulia pangoni, mithili ya Nyanza iliyofunikwa, ambalo mtu angelinyonya kwa mrija hadi tone la mwisho. Hakuna ziwa. Kuna mwamba wa mchanga ulioshikamana, na mafuta yamekaa katika nafasi finyu zilizo kati ya chembe na chembe, yakichangia nafasi hizo na maji yaliyokuwemo tangu zamani. Kazi yetu ni kuunda kipande cha mwamba wa namna hiyo ndani ya bomba, kukijaza mafuta, kuyasukuma kwa maji, kisha kuona kemikali zinaweza kuokoa nini katika yale yaliyoachwa.

16 Januari

Bomba ni la plastiki angavu, lenye kipenyo cha ndani cha milimita 26 na urefu wa sentimita 50, mabaki ya fundi wa mabango ambaye hakutaka hata malipo. Ncha zote mbili zimezibwa kwa vizibo vya mpira vilivyotobolewa, na nyuma ya kila kizibo tumeweka kitambaa cha nailoni ili mchanga usitoroke. Maji yanashuka kutoka kwenye chupa iliyoning'inizwa ukutani kupitia mrija wa dripu ya hospitali, wenye gurudumu dogo la kupunguza mwendo. Mrija huo unadhibiti mtiririko vizuri kuliko pampu yoyote ambayo fedha zetu zingeweza kununua, na umeme ulipopotea saa nane mchana jaribio halikutikisika.

Mchanga ni wa mto. Muuzaji alisema umetoka Nzoia. Tumeuchekecha na kubakiza chembe za kati ya robo milimita na nusu milimita, kisha tukaumimina bombani kijiko kwa kijiko ndani ya maji, huku fundi akiligonga bomba taratibu kwa mpini wa bisibisi. Mchanga ukijazwa mkavu na kulowekwa baadaye huficha mapovu ya hewa, na povu moja likikwama njiani huwa kama jiwe: maji hulizunguka na vipimo vyote hupotoka. Bomba lina ujazo wa mililita 265, na kati ya chembe yameingia maji mililita 101, kwa hiyo vinyweleo ni asilimia 38 ya ujazo wote. Hizo mililita 101 ndizo tutakazoziita ujazo mmoja kuanzia sasa.

22 Januari

Jana, chupa ikiwa sentimita 50 juu ya tokeo, maji yalipita mililita 21 kwa dakika. Leo, kwa kimo kilekile, yamepita mililita 6, tena yakitoka na rangi ya chai ya maziwa.

Tumepoteza nusu siku tukilaumu nailoni, ilhali kosa lilikuwa la maji. Jana tulitumia maji tuliyoyatia chumvi ya mezani, gramu 20 kwa lita, kuigiza maji ya ardhini; leo mwanafunzi mmoja alijaza chupa kwa maji matupu ya ziwa. Udongo mfinyanzi uliokuwa umeganda juu ya chembe hutulia maji yakiwa na chumvi, lakini chumvi ikiondolewa ghafla udongo huo hubanduka, huelea, na kwenda kuziba milango myembamba kati ya chembe. Wahandisi wa visima wanaujua ugonjwa huu, na ndiyo sababu hawadungi maji yoyote kabla ya kuyapima mbele ya mwamba wenyewe. Tumeufumua mchanga wote na kuuosha mara nane hadi maji yakatoka meupe. Gunia moja dogo nimeagiza lisioshwe, kwani tutalihitaji baadaye.

28 Januari

Suala la mafuta limetusumbua kuliko nilivyotarajia. Kwa kuwa tulitaka kitu cheusi, tuliomba oili chakavu katika gereji ya jua kali, na jaribio likaharibika kabla halijaanza: maji yalipoigusa tu, yakageuka uji wa kahawia usiotengana hata baada ya usiku mzima. Oili ya injini huuzwa ikiwa tayari imetiwa viambato vya kusafisha na kutawanya masizi, ambavyo ni jamaa wa sabuni, kwa hiyo tulikuwa tukipima sabuni ya kiwanda cha oili badala ya yetu.

Sasa tunatumia parafini ya maji ya duka la dawa, isiyotiwa kitu, tukiilegeza kwa mafuta ya taa na kuipa rangi nyekundu ya mishumaa, ambayo huyeyuka katika mafuta na kukataa maji. Kwa kupima muda wa kushuka katika mrija mwembamba wa kioo, na kurekebisha tofauti ya uzito, tumepata mnato, yaani ugumu wa kutiririka, wa takriban mara 24 ya ule wa maji. Mafuta yetu hayafanani na ya Lokichar, ambayo yana nta nyingi kiasi cha kuganda yakipoa, na ambayo ilibidi yatunzwe yakiwa moto njiani. Tumeiacha nta kwa makusudi, kwa sababu chumba chetu hakina njia ya kulidumisha bomba katika joto moja.

4 Februari

Upenyezaji wa mchanga uliooshwa, yaani urahisi wa kiowevu kupita ndani yake, kwa maji ya nyuzi 27, ni takriban darcy 58. Nimewakumbusha wanafunzi kwamba Henry Darcy, ambaye kipimo hiki kimepewa jina lake, naye alikuwa akimimina maji juu ya nguzo za mchanga, alipochapisha kanuni yake kutokana na majaribio ya Dijon mwaka 1856. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa akishughulikia maji ya kunywa ya mji. Mchanga wetu una njia pana mno ukilinganishwa na miamba halisi ya mafuta, ambayo mara nyingi hupimwa kwa sehemu za elfu za darcy. Hilo litazipendelea kemikali zetu katika kila jaribio.

6 Februari

Siku ya msingi. Tumelisimamisha bomba wima, tukaingiza mafuta kutoka juu hadi maji yakaacha kutoka chini: yametoka mililita 86, kwa hiyo mafuta yameshika asilimia 85 ya vinyweleo, na maji yaliyosalia yamefunga chembe kama ngozi. Kisha tukageuza mwelekeo na kuyadunga maji kutoka chini, mililita 2 kwa dakika, ili uzito wake mkubwa usaidie kunyoosha mstari wa mbele.

Mstari haukunyooka. Kwa robo saa ya kwanza wekundu ulipanda kwa utulivu, halafu upande mmoja ukachomoza ulimi uliofifia, ukapanda peke yake, na tulipokuwa tumeingiza ujazo wa theluthi moja tu tone la kwanza la maji likatokea juu. Tangu hapo kila tone la mafuta lililotoka liliambatana na maji mengi zaidi ya lile lililotangulia. Baada ya mililita 200 tulikuwa na mafuta mililita 46, sawa na asilimia 53, na bomba bado lilikuwa jekundu.

Mwanafunzi wa Kitale alipendekeza tuifungue dripu yote ili maji yasukume kwa nguvu. Nilimruhusu, kwa kuwa maelezo yangu yasingemtosheleza. Maji yalikimbia, tena katika njia ileile iliyokwisha kuoshwa, na mafuta yakaongezeka chini ya mililita moja. Kiowevu chenye mnato mdogo kikikisukuma chenye mnato mkubwa hukitoboa, na kikishatoboa hakina sababu ya kupita pengine. Hilo ni tatizo moja. La pili limo hata ndani ya njia iliyooshwa: vitone vya mafuta vimenaswa kwenye vifundo vya vinyweleo, na mvutano wa mpaka kati ya mafuta na maji unavizuia kujikunyata na kupenya mlango mwembamba ulio mbele. Tatizo la kwanza linadai maji mazito zaidi, la pili linadai mpaka uliolegea, na dawa ya moja haiponyi lingine.

12 Februari

Ili kuyafanya maji yawe mazito kama uji tunahitaji polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo. Tunayotumia ni zanthani, unga unaotengenezwa na bakteria aitwaye Xanthomonas campestris na kuuzwa kwa waokaji wa keki. Tumeupata mjini bila shida. Katika visima vingi duniani hutumika zaidi poliakrilamaidi iliyohaidrolaizishwa, ambayo bei yake ni nafuu zaidi kwa kiasi kikubwa, lakini mnyororo wake ni wa kujikunja: chumvi ikizidi hujikunyata na mnato hushuka, na joto kali likikutana na kalsiamu humwagika chini kama mashapo. Mnyororo wa zanthani ni mgumu kama ufito, hauyumbishwi sana na chumvi.

Kuukoroga unga wenyewe ni kazi ya subira. Mara ya kwanza tulimwaga wote kwa mkupuo, tukapata madonge ya uji uliopikwa kwa pupa, yenye ngozi laini nje na unga mkavu ndani, ambayo yangeziba bomba katika sentimita ya kwanza. Fundi ndiye aliyetuokoa. "Mwalimu, mama yangu hakorogi uji hivi," alisema, akazungusha maji hadi yakafanya shimo katikati, akanyunyiza unga ubavuni mwa shimo kidogo kidogo kwa dakika ishirini, kisha akauacha ulale usiku kucha. Asubuhi tuliuchuja kwa nailoni na haukuacha kitu. Kwa gramu moja katika lita, maji yamekuwa mazito karibu mara ishirini yanapotembea polepole.

14 Februari

Bomba jipya, mafuta mililita 86 tena, maji mililita 200, kisha zanthani mililita 50, kisha maji mililita 150 ya kuisindikiza. Zanthani ilipoingia, kasi ilishuka mara moja na ikabidi tuipandishe chupa karibu na dari. Kwa muda mrefu hakuna kilichobadilika, hata wanafunzi wakaanza kuchungulia simu zao. Halafu maji yaliyokuwa yakitoka karibu matupu yakaanza kuja na mafuta, kwanza kwa matone, baadaye kwa vipande virefu vyekundu mfululizo ndani ya mrija. Jumla imefika mililita 57, yaani asilimia 66. Ulimi wa tarehe 6 haukuonekana. Mstari ulipanda ukiwa umelala kama uso wa maji ndani ya ndoo.

Jambo moja naliandika ili lisipotoshwe baadaye: zanthani haikutoa vitone vilivyonaswa. Imeyafikia mafuta ambayo maji hayakuyafikia. Sehemu ambazo maji yalikwisha kuzipita zimebaki na wekundu hafifu uleule.

19 Februari

Tulitayarisha lita tano za zanthani tarehe 14 ili tusirudie kukoroga. Leo nimefungua mtungi, harufu ikanirudisha nyuma, na mnato umeshuka hadi chini ya mara sita ya maji. Maji tuliyotumia ni ya ziwa, yaliyochotwa karibu na Dunga na kuchujwa kwa kitambaa tu, na ghuba ya Winam ina kijani cha mwani ambacho kila mkazi wa Kisumu anakijua. Vijidudu vimeila polima yetu, kwani asili yake ni sukari.

Katika visima, zanthani hudungwa pamoja na dawa ya kuua vijidudu, na formaldehaidi imetumika sana kwa kazi hiyo. Sisi hatutaiweka formaldehaidi katika chumba chenye dirisha moja. Kuanzia leo maji ya ziwa yatachujwa, yatachemshwa, yatapozwa, na polima itatumika ndani ya siku mbili.

26 Februari

Ununuzi wa sabuni. Yeyote aliyewahi kukaa karibu na kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni ya maji ya kuuza anazijua kemikali hizi kuliko wanafunzi wangu: ungaroli (kiini cha sabuni kinachotoa povu), asidi ya salfoniki, soda ya magadi, chumvi. Karibu na soko la Kibuye tumepata duka linaloziuza kwa kilo, na mwenye duka aliposikia kwamba hatutengenezi sabuni alitushangaa.

"Sasa mwalimu wangu, hii ungaroli unaenda kuosha nini?"

"Mchanga, mama."

"Haya. Ila usiweke nyingi, povu litakufukuza nyumbani."

Kuupima mvutano wa mpaka bila mashine tumetumia sindano: mafuta yanasukumwa taratibu kutoka kwenye ncha iliyopinda juu, ndani ya maji, na tone hujing'oa pale ambapo wepesi wake unaushinda mvutano unaolishika. Katika maji matupu, mililita moja ya mafuta imetoa matone 22. Katika maji yenye ungaroli gramu 6 kwa lita imetoa zaidi ya 300, na hapo macho yakachoka. Kwa makadirio, mvutano umeshuka hadi karibu sehemu moja ya kumi na tano.

Inaonekana ni nyingi. Mafuta na maji huvutana kwa makumi ya milinyutoni kwa mita, na wanaotengeneza safaktanti, yaani sabuni maalumu, za visima hulenga kushusha mvutano huo hadi sehemu ya elfu ya milinyutoni, yaani mara elfu kumi na zaidi. Sabuni ya vyombo haifiki huko. Bomba la tatu, lililopewa sabuni peke yake baada ya maji, limetoa jumla ya mililita 49, ambazo ni tatu tu juu ya zile za maji, na nusu ya hizo zilitoka zikiwa maziwa ya waridi ambayo tulilazimika kuyatia chumvi na kuyasubiri yatengane. Sabuni, kwa kuwa ni nyepesi kama maji, ilipita katika njia ya maji.

3 Machi

Leo magadi, ambayo nilikuwa nikiyasubiri kwa hamu. Soda hii, kabonati ya sodiamu, Kenya inaichota katika Ziwa Magadi, na katika mapishi ya magharibi mwa Kenya watu wamekuwa wakipata alkali kama hiyo kwa kuchuja majivu ya mabua ya maharagwe, ule munyu wa kulainisha mboga za kienyeji. Katika hifadhi zenye mafuta ya asidi nyingi, alkali inapokutana na asidi hizo hutengeneza sabuni palepale mwambani, bila mtu kuidunga.

Tumelionyesha hilo pembeni kwa mafuta ya kukaangia yaliyochakaa, ambayo yana asidi huru: tumeyatikisa na maji ya magadi katika chupa, na povu likasimama. Kwa parafini yetu hakuna kilichotokea, na haikupaswa kutokea, kwa kuwa haina asidi. Mafuta ghafi yenye nta, hasa yaliyozaliwa katika matope ya maziwa ya kale kama yale ya bonde la Lokichar, mara nyingi nayo huwa na asidi kidogo. Mwanafunzi mmoja akauliza, basi magadi ni ya nini? Nimemwomba asubiri juma moja.

Kabla ya kufunga, msichana wa zamu aliongeza magadi katika ndoo aliyoijaza kwa maji ya kisima cha chuo, kwa sababu maji ya ziwa yaliyochemshwa yalikuwa yamekwisha. Ndoo nzima ikawa nyeupe kama maji ya chokaa. Kalsiamu iliyokuwa katika maji ya kisima imeikamata kabonati na kuwa chokaa kweli. Tukalinganisha: gramu 10 za magadi katika lita ya maji ya ziwa hazikuleta wingu lolote. Laiti ndoo hiyo ingeingia bombani, tungekuwa tumetia saruji.

Ndipo nilipotambua kwamba shajara hii, tangu tarehe 22 Januari, imekuwa ikizungumzia jambo lilelile. Maji yasiyo na chumvi yalibandua udongo, maji yenye uhai yakala polima, maji magumu yakageuza magadi kuwa mawe. Kila kemikali tuliyonunua ilikwisha kuhukumiwa na maji kabla ya kuuona mchanga. Daqing, kaskazini mashariki mwa China, ambako udungaji wa polima umefanyika kwa kiwango cha kiwanda tangu 1996, mafuta yake nayo ni ya nta na ya asili ya maziwa ya kale, na mojawapo ya bahati zao kubwa ni kwamba maji ya hifadhi ile yana chumvi chache na joto lake ni la wastani. Hata hivyo walipotumia alkali kali pamoja na polima na sabuni, mashapo ya silika yaliganda katika pampu za visima. Mipango ya Lokichar imetaja kuleta maji ya kudunga kutoka bwawa la Turkwel. Kama siku moja kemikali zitafikiriwa kule, ningetaka kwanza kuona chupa mbili zikitikiswa pamoja: moja ya maji ya bwawa, nyingine ya maji ya mwamba wenyewe.

10 Machi

Gunia lisilooshwa limepata kazi. Tumejaza bomba moja kwa mchanga ule wenye udongo, tukalilinda kwa maji ya chumvi muda wote, na kulipitishia sabuni bila mafuta yoyote. Kila mililita 10 zinazotoka tunazitikisa katika kopo la kioo na kutazama kama povu linasimama. Katika mchanga uliooshwa, povu lilitokea ujazo mmoja na ushei ulipokuwa umepita, karibu pamoja na maji yaliyolibeba. Katika mchanga wenye udongo halikutokea hadi karibu ujazo mbili. Sabuni iliyokosekana haikupotea. Imejibandika kwenye udongo.

Tukarudia kwa mchanga mwingine wa gunia lile, safari hii tukitanguliza maji ya magadi na kuyachanganya pia na sabuni. Povu limetokea kwenye ujazo mmoja na theluthi. Hilo ndilo jibu la swali la juma lililopita: alkali huongeza chaji hasi juu ya udongo, na sabuni yetu, ambayo nayo ni hasi, hupata mahali pachache pa kushika. Kwa mtu anayenunua safaktanti kwa tani, tofauti kati ya mabomba haya mawili inaweza kuwa ndiyo faida yote au hasara yote, na magadi ni rahisi sana kuliko safaktanti.

17 Machi

Mchanganyiko wa zanthani, ungaroli na magadi kwa pamoja, maji ya ziwa yaliyochemshwa, mililita 50 katika bomba lililokwisha kusukumwa kwa maji, kisha zanthani tupu kidogo nyuma yake ili maji ya mwisho yasiitoboe. Jumla ya mafuta: mililita 68 kati ya 86, sawa na asilimia 79. (Nyongeza ya tarehe 18: tumerudia kwa bomba lingine na tofauti imekuwa mililita mbili.)

Ukijumlisha kile ambacho polima iliongeza peke yake na kile ambacho sabuni iliongeza peke yake, unapata mililita 14. Pamoja zimeongeza 22. Hesabu ya namba ya kapilari inasaidia kuelewa. Namba hiyo ni mnato mara kasi, ukigawa kwa mvutano wa mpaka. Kwa maji matupu katika bomba letu ni takriban 2 kwa milioni, na vitone vilivyonaswa havitikisiki kwa kiasi cha maana hadi namba ikaribie 1 kwa elfu kumi au zaidi. Polima ikiuzidisha mnato kwa karibu 20, na sabuni ikiugawa mvutano kwa karibu 15, kila moja peke yake haivuki kizingiti hicho, lakini athari zake huzidishana, hazijumlishwi: 300 mara 2 kwa milioni ni 6 kwa elfu kumi. Wanafunzi waliipiga hesabu hiyo ubaoni mara mbili wakidhani wamekosea sifuri.

Ikumbukwe pia kwamba maji yetu hutembea mita tano hivi kwa siku, ilhali mbali na visima, ndani ya hifadhi, mwendo wa kawaida ni karibu theluthi moja ya mita kwa siku. Kwa mwendo huo ungaroli isingefua dafu.

24 Machi

Jaribio la mwisho la robo hii, na kwangu ndilo bora. Mwamba halisi hauna mchanga wa aina moja. Una matabaka, mengine mapana njia zake, mengine finyu. Tumeunganisha mabomba mawili kwenye chupa moja: la kwanza lina chembe za nusu milimita hadi milimita moja, la pili mchanga wetu wa kawaida. Mafuta yaliyomo ni mililita 86 katika lile pana na 84 katika lile finyu. Kila tokeo lina kopo lake.

Maji mililita 300 yalipopita, bomba pana lilikuwa limetoa mafuta mililita 57 na finyu 17. Tofauti iliongezeka kila dakika, kwa sababu kadiri bomba pana lilivyooshwa ndivyo lilivyozidi kuwa jepesi kupitika, na maji yakazidi kulipenda. Mwishoni bomba finyu lilikuwa likitoa tone moja wakati jirani yake anatoa mtiririko. Fundi akasema anawajua watu wa namna hiyo.

Kisha tukadunga zanthani mililita 100. Kwa kuwa maji mengi yalikuwa yakienda kwenye bomba pana, zanthani nayo ilikwenda huko, na ikalifanya lizito. Ndani ya muda mfupi kopo la bomba finyu likaanza kujaa. Baada ya maji mengine mililita 200, bomba pana lilifikisha 63 na finyu 44. Kwa jumla tumetoka asilimia 44 hadi 63, na sehemu kubwa ya yaliyoongezeka imetoka mahali ambapo maji yalikuwa yamepakataa.

27 Machi

Tumelifumua bomba la tarehe 17 na kulikata vipande kumi. Vipande vya kati vimekuwa vyeupe karibu kabisa. Cha mwisho, kile kinachogusa kizibo cha juu, bado ni chekundu upande mmoja, palepale ambapo shimo la kizibo halikuwa katikati. Mililita kadhaa za hasara yetu, kwa hiyo, ni za koleo la fundi na wala si za kemia. Vizibo vipya vimetobolewa leo kwa kipimo.

Robo ijayo tutahitaji beseni la maji moto lenye kidhibiti, ili tujaribu mafuta yaliyotiwa nta ya mishumaa. Bomba la kwanza la awamu hiyo limejazwa jioni hii mchanga uliooshwa mara nane, na limelala ndani ya maji yenye chumvi gramu 20 kwa lita. Juu ya chupa ya ukutani nimebandika karatasi yenye neno moja, ZIWA, na juu ya bomba la kisima nyingine: USICHOTE.